Pipa Lililooshwa Mara Saba

Mafuta ya maganda ya korosho yana vitu tele ndani yake, na kila msimu vitu hivyo hugawana nafasi upya: korosho za huku si za kule, wala moto wa leo si wa jana. Sheria ya usalama inauliza swali moja tu: je, mchanganyiko huu unaweza kuvuruga homoni za mwili? Kuuliza ni rahisi, jibu ndilo humtoa mtu jasho. Lakini Mbeyu, mkemia wa maabara moja ya Changamwe, alizaliwa na udadisi kama wengine wanavyozaliwa na mwanya, na swali gumu lilimchangamsha kuliko chai ya tangawizi.

Safari hii alikuwa na sababu nyingine ya kutaka kujua. Mafuta yalitoka kiwanda kidogo cha Mzee Faraj kule Utange, na mdogo wa Mbeyu, Judy, alikuwa kibarua hapo. Judy alikuwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika. Mbeyu alimweleza hayo mkuu wake, Zuhair, mapema. Zuhair akasema Mbeyu apime, ila uamuzi utatiwa sahihi na mtu mwingine.

Kipimo chenyewe kingemchekesha mpika mahamri. Ni hamira, ila hamira iliyotengenezwa makusudi: ikikutana na kitu kinachojifanya homoni ya kike, maji yake ya manjano hugeuka mekundu. Sampuli ya kwanza ya Faraj ilibaki manjano. Ya pili, ya mwezi uliofuata, ikaiva nyekundu pyu.

"Ni hatari hii," Zuhair akasema. "Andika, tufunge faili."

"Na ile ya kwanza je?"

"Mafuta haya hubadilika, Mbeyu. Si wewe unayetuhubiria hivyo kila siku?"

Kweli alikuwa akihubiri. Lakini alipozichambua sampuli zote mbili, vitu vikuu vya mafuta vilikuwa karibu sawasawa. Kilichobadilika ni nini, basi? Jioni ile akampigia simu Mzee Faraj, akamwomba kwa heshima zote amwondoe Judy kwenye mafuta mpaka ukweli ujulikane.

"Hilo si neno, binti yangu," Faraj akajibu. "Nitampa kazi safi."

Wiki iliyofuata Mbeyu akaenda Utange mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Faraj."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Mbeyu akauliza habari za kukaanga, za kukamua, za kuchuja, mpaka mzee akaomba kiti. Mwisho akamuuliza: kati ya mwezi ule na huu, mmebadilisha nini?

"Hatukubadilisha kitu, wallahi. Mafuta ni yale yale." Faraj akajikuna kidevu. "Labda mapipa. Mapya yalikwisha, nikanunua yaliyokwisha kutumika. Nikaambiwa yalitiwa shahamu, nami nikaingiwa na shaka. Shahamu ya mnyama gani? Ikiwa ni nguruwe je? Siwezi kumuuzia mtu kitu kilichokaa katika najisi. Basi huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kisha tunapaka sabuni kali ya viwandani. Tunaiacha ikaukie humo humo bila kuisuuza, maana maji na mafuta hayaelewani."

Mbeyu nusura amkumbatie mzee wa watu. Akaomba kuonyeshwa sabuni, akasoma kibandiko cha dumu, na kule chini, kwa herufi za siafu, akaliona jina la kemikali alilolijua tangu chuoni. Kitu kile kikivunjika, kipande kinachobaki huiga homoni ya kike. Furaha ikampanda hadi utosini. Hamira ingethibitisha, lakini huenda mafuta yalikuwa yakisingiziwa kosa la chombo!

"Na nani anayeyaosha mapipa?" akauliza, bado akitabasamu.

"Si uliniomba mwenyewe? Nimempa Judy."

Tabasamu likamfia mdomoni. Akazunguka nyuma ya ghala akikimbia. Judy alikuwa ameinamia pipa, hana glavu, povu limempanda mpaka viwikoni.

"Dada! Umekuja kuona nilivyopandishwa cheo?"

Mbeyu aliivuta mikono ile, akaimwagia maji, akaimwagia tena. Kuruka majivu na kukanyaga moto ni msiba, lakini yeye alikuwa amemkanyagisha mdogo wake. Aibu na hofu vikamshika pamoja. Akamweleza Judy yote, bila kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu.

Judy akasikiliza hadi mwisho. "Na mtoto?"

Mbeyu alitamani kusema hakuna neno. Lakini hamira huonyesha kitu kinaweza kudhuru. Haisemi kimemdhuru nani.

"Huenda hakuna lililotokea," akasema. "Sijui, mdogo wangu. Wallahi sijui."

Judy akajifuta mikono kwa leso, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Wewe tangu utotoni kazi yako kuuliza," akasema. "Basi leo uliza upesi."