Siku Walter Alitaka Boma

Mzee Herman alikuwa Myahudi wa Kisumu, na nadhani alikuwa peke yake. Alitengeneza injini za boti pale Dunga, akaoa shangazi yangu Dorca, na Kijaluo alikijua mpaka matusi. Mkononi alikuwa na namba ya bluu. Siku moja nikamuuliza kama ni simu ya msichana.

"Ndiyo," akasema. "Lakini usimpigie. Hana huruma."

Shangazi ndiye aliniambia baadaye kwamba Wajerumani walimchora kambini wakati wa vita, na watu wake wote waliishia huko.

Jumapili alitupeleka kanisani na pikapu, halafu akabaki nje akiosha vioo. Sabato ya kwao pia hakushika. "Mungu na mimi tuliachana kambini," alisema. "Hakuna aliyemtafuta mwenzake."

Mwaka wa 1987 Walter, mtoto wake wa pekee, alitaka kuanza boma lake. Kwetu huwezi kujitoa hivi hivi. Baba anatangulia, mtoto anafuata na jogoo na shoka. Huyo baba anaulizwa mbele ya watu, huyu ni nani wako, anasema ni mwanangu, ndio anapigilia mti wa kwanza. Bila hiyo, hata ujenge ghorofa, wewe ni mpangaji tu.

Na Walter alikuwa na njaa ya hilo neno. Nyumbani mzee alimpa nyama ya sahani yake mwenyewe, lakini mteja akiuliza, alijibu, "Ni kijana wa kazi."

"Leo atasema," Walter aliniambia, jogoo kwapani.

"Asiposema, jogoo atasema. Mnafanana pua."

Naibu wa chifu ndiye alikuja kuuliza, na askari wawili, yunifomu zimepigwa pasi kabisa. Akauliza kwa sauti ya ofisi, "Wewe mzee. Huyu ni nani wako?"

Mzee aliangalia buti za askari. Mikono ikashuka, akasimama wima kama mtoto wa shule.

"Simjui."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda, maana huo utani ningeufanya mimi.

"Mzee, wacha mchezo."

"Simjui huyu mtu. Sijawahi kumwona."

Hapo kicheko kikakatika. Shangazi akamshika mkono. "Wuon Walter, baba Walter, njoo ukae."

Ndani ya pikapu akamwambia Walter, "Kule kambini wakijua ni baba yako, wanampiga ili wewe uharakishe kazi. Kwa hivyo baba yangu aliniambia nisimjue. Siku alianguka, wakaniuliza kama ni wangu. Nikasema simjui. Nikampita."

"Baba, huyo askari ni Simiyu. Anakunywa chai kwetu."

"Najua."

"Basi rudi useme."

Alirudi. Akasimama mbele yetu, mdomo wazi, tukangoja. Hakuna kitu kilitoka. Pasta akaanza kuomba Mungu amsaidie.

"Usimsumbue," mzee akamwambia. "Hata siku ile nilimwita, hakuja."

Wazee wakasema mti hauwezi kupigiliwa. Walter akampa mama yake jogoo, akaenda Mwanza, hakurudi.

Alipopata mtoto alituma picha. Shangazi akataka kuitundika sebuleni. Mzee akaichukua, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka kabatini chini kabisa ya nguo.

"Watu wakiingia," alisema, "watajua ni wetu."