Mto wa Usufi wa Mwalimu Atomi

Fundi mito hakuwa mwoga. Aliyelala ubavuni mwa mume anayekoroma tangu ujana mpaka mvi, ataogopa nini tena? Ndiyo maana marehemu mumewe alipoanza kupumua kwenye chumba cha nyuma, hakupiga kelele wala kuita majirani. Alisema tu, "Umerudi? Pangusa miguu," akaendelea kushona.

Mumewe alikuwa mwalimu wa sayansi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Atomi, kwa kuwa hakuwa na hadithi nyingine. Kwenye dari la chumba kile alitundika kwa uzi atomi nne za kufundishia, kila moja kama watu wa zama zake walivyoidhania. Ya kwanza gololi ya mbao ngumu: wazee wa kale walisema ukikata kitu, ukakikata tena, mwisho utafika penye kisichokatika. Ya pili bonge la nta lililochomekwa shanga, maana baadaye ilionekana kumbe ndani ya hicho kisichokatika mna vidogo zaidi. Ya tatu kokwa lililozungukwa na shanga kwenye nyaya: wataalamu walirushia vichembe karatasi nyembamba ya dhahabu, vingi vikapenya, vichache vikarudi kama vimegonga ukuta, wakajua atomi karibu yote ni utupu, na uzito wake umejificha katikati. Ya nne ilikuwa wingu la usufi, alioupata kwa mkewe.

"Na humo shanga ziko wapi?" mkewe alimwuliza.

"Huwezi kusema ziko hapa au pale. Zimetanda humo mote. Ukizichungulia ndipo unazikuta mahali."

"Kama wewe siku ya kufua."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hichohicho ndicho kilichomzika.

Baada ya mazishi, shanga za atomi ya tatu zikawa zinazunguka na madirisha yamefungwa. Na fundi akiupa mgongo ule usufi, alisikia pumzi ikivutwa, ikishushwa, pamoja na harufu ya chaki. Akigeuka, kimya, usufi tu. Akajifunza kutogeuka. Mchana kutwa alishona amekipa kisogo chumba kizima, akisimulia umbea wa mtaa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mume hakumkatiza.

Lakini kazi nayo ina shetani wake. Fundi mito ana sheria moja: usufi hauachwi wazi, unashindiliwa ndani ya mto kabla upepo haujautawanya. Siku aliyoliteremsha lile wingu kulipangusa vumbi, aliliweka kwenye meza ya kukatia, kando ya mto wa wifi yake uliokuwa umepelea kidogo. Akili ilikuwa kwenye umbea, na mikono ya fundi haiulizi. Ilishindilia, ikashona mdomo. Wifi akaja, akalalamika mto ni mzito, akaondoka nao.

Chumba kikanyamaza. Shanga zikasimama. Fundi akainua macho, akaona uzi mtupu unaning'inia. Mara ya kwanza mumewe alizikwa na watu. Safari hii amemfungia ndani yeye mwenyewe, kwa sindano yake.

Asubuhi alibeba mto mpya mnono mpaka kwa wifi. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mjane naye, ulimi pilipili. Alimkuta ameketi, ule mto nyuma yake kwenye kiti kingine, anautabasamia ukuta.

"Karibu, wifi. Leo umekosa wa kumsema huko kwenu?"

"Ule mto niliushona vibaya. Nimekuletea mzuri, nirudishie ule."

"Tangu lini fundi akakiri kosa?" Wifi hakugeuza shingo. "Na punguza sauti, amelala."

Fundi akauweka chini mto mpya. "Nani?"

"Si unamjua? Nikiutazama, una shimo katikati kama kichwa kimelazwa. Nikigeuka, nasikia anavyopumua, vilevile kama tulipolala mkeka mmoja utotoni."

"Ni mume wangu huyo."

"Kabla hajawa mumeo alikuwa kaka yangu. Wewe ulimpokea mtumba."

Fundi akakamata pembe moja ya ule mto, wifi akakamata nyingine. Watu wazima na mvi zao wakavutana. Mkasi wa fundi haukukosa kuning'inia shingoni mwake. Alipoushika alikumbuka maneno ya mumewe mezani kuhusu atomi: "Walisema haikatiki. Ikakatika. Na kilichotoka humo hakikurudi tena ndani." Akaukata mto hivyo hivyo.

Hakuna kilicholia. Lilitoka joto tu, kama mlango wa tanuri umefunguliwa, na maua kwenye chupa yakainama. Waligawana usufi bila kutazamana.

Nyumbani fundi alitundika fungu lake, akalipa mgongo, akangoja. Pumzi ikaja. Ikavutwa. Akasubiri ishushwe. Ikazidi kuvutwa, ndefu, nyembamba, kama mtu mwenye neno na hapati pa kulitua. Alitoka nje, akarudi, bado inavutwa. Akajikuta naye ameibana yake.

Jua halijazama, hodi ikapigwa. Ni wifi, midomo imempauka, fungu lake kifuani.

"Kwangu anashusha tu," alisema. "Anashusha, anashusha, hakomi. Wifi, huyu ataisha!"

"Ingia. Pangusa miguu."

Wakaunganisha usufi, wakaufunga kwa uzi mmoja, wakautundika. Kisha wakaketi kwenye benchi bega kwa bega, migongo kwenye atomi zote nne. Wakangoja. Halafu pumzi ikavutwa; na taratibu, ikashushwa. Shanga zikaanza kutambaa kwenye nyaya. Wifi akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Sasa mimi nitalala wapi?"

"Hapahapa. Ila ukikoroma kama yeye, nakutoa nje."

Walicheka kidogo kidogo, wasije wakamwamsha. Nyuma yao pumzi ikavutwa, ikashushwa. Ndipo ikavutwa nyingine, fupi, karibu kabisa na shingo zao. Fundi aliijua pumzi ya mumewe kama mshono wake. Hii haikuwa yake: haikunuka chaki, na ilikuwa na lile joto la tanuri lililotoka mto ulipokatwa.

"Wifi," alinong'ona, "ni wewe?"

"Mimi nimebana pumzi."

"Basi usigeuke."