Bweni Lililolala Mvunguni

Katika shule ile ya bweni, kitanda kilikuwa na heshima kuliko mtu. Mtu angeweza kuchelewa darasani akasemwa kidogo, yakaisha. Lakini kitanda chenye kunyanzi siku ya ukaguzi mkuu kiliwaponza watu ishirini kwa muhula mzima, maana matokeo ya ukaguzi ndiyo yaliyopanga foleni ya chakula. Bweni la kwanza lilipakuliwa kwanza. Bweni la mwisho lilipakuliwa mwisho, na mwisho wa sufuria, kila mtu anajua, ni ukoko.

Sasa kulikuwa na bweni moja pembeni kabisa ya uwanja, limeegemea tangi la maji, ambalo lilikuwa limeshika mkia mihula mingi hata mpishi hakuwauliza tena wanatoka wapi. Akiwaona tu, anaweka upawa chini na kuchukua mwiko wa kukwangulia. Na ukoko ule haukuwa wa mchezo. Wanasema siku moja kipande kilimponyoka msichana mkononi, kikapasua sakafu, kikaendelea na safari zake. Wengine walianza kuutafuna Jumamosi wakaumeza Jumatatu, tena kwa msaada wa wenzao.

Kiranja wa bweni hilo alikuwa msichana mrefu wa kidato cha mwisho, mwenye hatua za kijeshi, ndiyo maana wakamwita Kamanda. Siku aliyochaguliwa furaha ilimpanda kichwani, akasimama juu ya ndoo iliyofudikizwa na kusema, "Wenzangu, baada ya ukaguzi mkuu tukishika mkia tena, beji hii naivua mwenyewe. Sisubiri kuvuliwa."

Wakampigia makofi mpaka popo wa darini wakahama. Aliposhuka kwenye ndoo ndipo akili ilipomrudia, lakini neno si mate, likitoka halimezwi. Na beji ile aliipenda. Bibi yake alikuwa ameshaitangaza soko zima, mpaka muuza vitunguu akawa anamuongezea kimoja cha bure, "cha kiranja."

Kusema kweli wasichana wale hawakuwa wavivu. Tatizo lilikuwa asubuhi. Watu ishirini, mafagio mawili, dirisha moja linalofunguka, na magodoro yaliyobonyea katikati kama mitumbwi. Mtu akiamka ndani ya godoro lile, shuka linakuwa limejisokota kama kamba ya kisima. Ukivuta huku linapanda kule. Kengele ya ukaguzi inalia ungali unapigana nalo, na ilikuwa ni lazima kutoka nje kufagia uwanja wakati Mkuu wa Shule anapita vyumbani.

Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, Kamanda alikaa ukingoni mwa kitanda chake, mkono shavuni.

"Unawaza nini?" akauliza msichana wa kitanda cha pili, mfupi, mwenye jibu la kila kitu. Huyo walimwita Wakili, kwa sababu aliwahi kubishana na mwalimu wa hesabu mpaka mwalimu akaomba maji.

"Nawaza kesho. Na beji."

"Kitanda kinaharibiwa na nini?"

"Na asubuhi."

"Hapana. Kinaharibiwa na mtu. Mtu akilala, shuka linakunjamana. Asipolala, halikunjamani. Dawa ni kutolala."

"Tukeshe?"

"Nani kasema tukeshe? Tutandike leo, jua bado lipo, kwa nafasi zetu, kwa pasi. Halafu tulale mvunguni."

Kamanda akamtazama kama anayetazama mtu aliyeota mkia. "Sheria inasema taa zikizimwa kila mtu awe kitandani mwake."

"Zikizimwa, ndiyo. Basi zikizimwa tutagusa vitanda, kila mmoja chake, halafu tushuke taratibu. Nionyeshe sheria inayokataza kushuka."

Kamanda alijua kabisa kwamba hilo halikuwa sawa, lakini alikuwa maji ya shingo, na mtu wa maji ya shingo hachagui kamba ya kushika. Akakubali.

Jioni ile bweni likageuka karakana. Mashuka yalipigwa pasi, yakavutwa na watu wanne wanne, kila mmoja na pembe yake, yakachomekwa kichwani na miguuni mpaka yakalia. Yalinyooka kiasi kwamba nzi aliyetua juu ya kitanda cha Wakili aliteleza kutoka kwenye mto hadi miguuni, akaondoka akichechemea. Foronya zilipangwa mstari mmoja kwa uzi wa mshonaji. Kisha kila mmoja akatandaza sweta lake sakafuni, akaingia chini kama kobe, na shuka likaning'inia kando mpaka karibu na sakafu.

Na kule chini, jamani, kulikuwa kuzuri! Baridi ya saruji, giza la kutosha, hakuna mtumbwi wa kukumeza kiuno. Walilala kama magogo. Kasoro Kamanda. Yeye aligeukageuka akiiwaza beji, mpaka ndege wa kwanza walipoanza kugombana juu ya tangi ndipo usingizi ukamchukua. Hilo ndilo lililowaponza, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyewaamsha wengine. Jua lilichomoza, likagonga mashuka yaliyoning'inia, halikupata pa kuingilia. Kengele ililia, na wasichana ishirini, wote mvunguni, wakaota wameitwa kula.

Kamanda alifumbua macho akaona viatu.

Jozi mbili, katika ufa mwembamba kati ya shuka na sakafu. Jozi moja ilikuwa ndala za matroni, anazijua kwa kisigino kilicholika. Nyingine ilikuwa viatu vyeusi vinavyong'aa hata unaweza kujitazamia meno. Mkuu wa Shule mwenyewe, mama asiyecheka kabla ya likizo.

"Wasichana wako wapi?" Mkuu aliuliza.

"Nadhani wameshatoka kufagia, Mwalimu," matroni akasema. "Leo wamewahi kuliko wote."

Viatu vyeusi vikatembea taratibu, kitanda hadi kitanda. Vikasimama. Vikarudi nyuma. Kamanda alisikia kiganja kikipapasa shuka juu ya kichwa chake.

"Mama, hivi ni vitanda au ni meza?"

"Hata mimi nashangaa, Mwalimu."

"Miaka yote niliyokagua, sijaona. Kumi juu ya kumi. Andika kabla sijabadili mawazo."

Kalamu ya matroni ikakwaruza. Chini ya kitanda cha pili, Wakili alikuwa ameshaamka, anacheka kimyakimya huku ameuma mkono wa sweta lake. Kamanda naye alihisi joto tamu likimpanda kifuani. Kwanza kwenye foleni! Wali wa juu, mweupe, unaoachana punje kwa punje. Na beji palepale ilipo.

Ndipo Trekta akawaka.

Trekta alikuwa msichana mpole sana akiwa macho, hana hili wala lile. Usingizini lakini alikoroma kwa sauti ambayo ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliiitikia. Alianza chini, grrr, akapanda kilima, akafika juu akakata mlio, halafu akashuka kwa breki.

"Nini hicho?" Mkuu akauliza.

"Bomba, Mwalimu. Tangi liko nyuma ya ukuta huu. Hata mimi huwa nalisikia nikipita nje, nikafikiri ni hewa."

"Hewa gani yenye gia? Niitie fundi."

Fundi bomba alikuwa hapohapo uwanjani, akaingia na begi lake la spana. Kamanda alinyoosha mguu pole pole mpaka ukamfikia Trekta begani, akasukuma. Trekta akabadilisha gia, akaongeza mwendo.

Fundi akaweka sikio ukutani. Akasikiliza kwa muda mrefu, kama daktari. "Mwalimu," akasema, "nisikudanganye. Hili bomba limekwisha. Linavuta pumzi za mwisho."

"Litapasuka?"

"Likipasuka hapa, maji yatawafikia mpaka ofisini kwako. Inabidi nifunge koki kuu sasa hivi, nichimbe kuanzia nje. Shule nzima haitapata maji mpaka jioni, huenda mpaka kesho."

"Leo ni siku ya kufua."

"Ndiyo hivyo, Mwalimu. Heri nguo chafu kuliko mafuriko."

Mkuu akashusha pumzi. "Funga, basi. Waambie wote waache ndoo zao."

Viatu vya fundi vikageuka kuelekea mlangoni. Kamanda akamchungulia Wakili kupitia ufa wa chini ya shuka, na Wakili akaweka kidole mdomoni, macho yamemtoka: nyamaza, nyamaza, tumeshinda! Ilikuwa kweli. Ilitosha kukaa kimya kidogo tu, wakubwa watoke. Nje zilisikika sauti za wasichana wa mabweni mengine bombani, wanasukumana na ndoo, wanatukanana kwa upendo. Shule nzima ikae na nguo chafu, mzee wa watu achimbe jua kali akitafuta bomba ambalo ni pua ya mtu, halafu wao wasimame mbele ya wote, sahani mkononi, beji kifuani. Wali ule mweupe ukamgeuka Kamanda kooni kabla hata haujapikwa.

Akainua shuka, akatoa kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mkuu wa Shule, ambaye katika utumishi wake alikuwa ameshapambana na nyoka maktabani na wakaguzi wa wilaya, aliruka kinyumenyume akaketi pwaa juu ya kitanda cha Wakili. Mashuka yote manne ya jirani yalilegea kwa mshtuko.

"Marahaba," akasema, kwa kuwa adabu ni adabu. "Unafanya nini huko chini?"

"Nimelala, Mwalimu. Bomba si bovu. Ni Trekta."

"Trekta?"

"Mwenzetu. Anakoroma. Fundi asifunge maji, tafadhali."

"Wangapi mko humo?"

"Wote."

Vichwa vikaanza kutokeza kimoja kimoja, kama vifaranga chini ya mbawa, nywele zimesimama, vumbi puani. Shikamoo zikawa nyingi mpaka Mkuu akakosa pumzi ya kuitikia. Trekta peke yake hakutoka. Fundi aliinama akamgusa bega.

"Mwanangu. Amka."

Trekta akafumbua jicho moja. "Baba, chakula tayari?"

"Bado. Lakini mimi nilikuwa nakuandalia spana."

Matroni alicheka mpaka akashika ukuta. Mkuu hakucheka. Aligeuza uso dirishani kwa muda, na waliokuwa nyuma yake wanaapa kwamba mabega yake yalitikisika. Aliporudi, uso ulikuwa mkavu.

"Wazo la nani?"

Wakili akafungua mdomo, lakini Kamanda akamuwahi. "Mimi ndiye kiranja, Mwalimu. Niliruhusu."

"Wazo ni langu," Wakili akasema. "Ila nilikuwa na hoja nzuri."

"Hoja yako nimeikalia," Mkuu akajibu. Akapapasa shuka tena, kwa masikitiko kidogo. "Sikilizeni. Kumi ni ya mashuka, siifuti, mashuka hayana kosa. Watu wanapata sifuri. Kitanda kisicholalwa ni kama chungu kisichopikiwa, kinang'aa, lakini nani kashiba? Mtabaki mwisho wa foleni. Na mchana, wenzenu wakicheza mpira, ninyi mtalala. Kila mmoja juu ya kitanda chake. Nitakuja kukagua makunyanzi."

Kamanda akaishika beji yake. Akaifungua, akamnyooshea Mkuu.

"Niliahidi kuivua tukishika mkia."

"Mimi sikukupa hiyo," Mkuu akasema, "ulipewa na bweni. Warudishie wao." Akatoka, na fundi nyuma yake, akinung'unika kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuona bomba linaloomba chakula.

Mchana, uwanja mzima ukipiga kelele za mpira, wasichana ishirini walijilaza vitandani, uso juu, mikono pembeni. Beji ilikaa juu ya meza katikati ya chumba. Hakuna aliyeitazama, na hakuna aliyetazama kwingine.

"Kura," Wakili akasema kutoka kitandani. "Hatuwezi kusimama, tuko kwenye adhabu. Anayetaka Kamanda aondoke, ainue mguu."

Mguu mmoja mrefu ukainuka.

"Huo hauhesabiki. Ni wa kwake mwenyewe."

"Lakini nimewaharibia," Kamanda akasema. "Mtaula ukoko kwa sababu yangu."

"Tumeuzoea," ikasema sauti ya upande wa dirisha. "Mimi meno yangu sasa yanafungua chupa."

"Usingetoka," akasema mwingine, "ningefua lini? Soksi zangu zinasimama zenyewe."

"Trekta, na wewe unasemaje?"

Trekta alikuwa ameshawaka zamani.

"Amekubali," Wakili akasema. "Kamanda, chukua kitu chako, unatuzuia kulala."

Kamanda akanyoosha mkono, akaichukua, akaifunga kwenye gauni lake. Halafu akageuka ubavu, akavuta shuka mpaka shingoni, akalikunja, akalikumbatia, akapiga mto ngumi mbili mpaka ukakaa anavyotaka.

Ndala za matroni zilifika mlangoni, na viatu vyeusi pembeni yake. Kamanda akafumba macho haraka.

"Niwaamshe, Mwalimu, wasimame wakati wa kukagua?"

"Hapana," Mkuu akasema, kwa sauti ya chini sana. "Waache hivyohivyo."

Viatu vikapita kwa ncha za vidole, kitanda baada ya kitanda. Kamanda alikusudia kusikiliza mpaka vifike kwake, ajue watasema nini. Lakini godoro lilikuwa limeshammeza kiuno, shuka lilikuwa na joto, na kabla havijafika alikuwa amelala kweli.