Aliyetangulia Kupiga Kura

Mpiga pasi alimaliza likizo yake yote ya mwaka ili aje kupiga kura moja tu. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akinyoosha mashuka ya hospitali ughaibuni, na miaka yote hiyo aliwachosha wenzake kwa siasa za kwao. Mara hii mambo yatabadilika, aliwaambia, na kila baada ya uchaguzi walimwuliza, huku wakikonyezana, kama yamebadilika. Safari hii alipiga moyo konde, akaja mwenyewe.

Alishuka basi saa nne asubuhi, akaenda moja kwa moja kituoni, begi mgongoni, nyumbani hata hajapita. Kituo kilikuwa shuleni, katika darasa alilosomea yeye. Foleni ilikuwa ndefu na kimya. Kimya hicho kilimtia wasiwasi, maana watu wa kwao hawajui kunyamaza, hata msibani watataniana. Alisalimia, hakuna aliyeitika.

Karani wa uchaguzi, binti mwenye miwani, alishusha rula kwenye daftari la wapiga kura hadi jina lake.

"Kaka, wewe umeshapiga."

"Nimepiga saa ngapi? Nimeshuka basi sasa hivi!"

"Saa moja na dakika mbili. Nyie wa nje huwa mnawahi."

Mpiga pasi alicheka kwa hasira. Wizi huu aliusoma magazetini kila baada ya miaka mitano, sasa ameushika mkononi. "Nani alimthibitisha huyo mtu?"

Picha za daftarini zilikuwa zimefifia zamani, kwa hiyo hapo kijijini watu walithibitishwa kwa sura: wakala wa chama akisema huyu ni mtoto wa fulani, basi anapita. Karani alinyoosha rula kuelekea benchi la mawakala. Mwishoni alikaa baba yake, mwalimu mstaafu, wakala wa upinzani, mzee ambaye hakuwahi kumwongezea mwanawe hata nusu alama.

"Baba! Shikamoo."

"Marahaba, kijana." Mzee alimtazama kwa upole, kama alivyozoea kuwatazama wakaguzi wa shule. "Nimemthibitisha mimi. Mwanangu nitashindwaje kumjua?"

"Mwanao ni mimi, baba."

"Mwanangu haachi kuja. Kila uchaguzi anagonga alfajiri, ananivalisha viatu kwa sababu ya goti hili, tunaongozana mpaka hapa. Akishapiga, anakwenda kumpasulia mama yake kuni."

"Anampigia nani?" Swali lilimtoka kabla hajafikiri, akaona haya.

"Kura ni siri," alisema mzee, akageukia foleni.

Mpiga pasi alikwenda nyumbani mbio mbio. Alisikia shoka tangu njiani, likipiga polepole. Alipoingia uani likanyamaza. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani, bado mbichi, na shoka limeegemezwa kando yake. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Karibu, mgeni. Kaa." Akamletea maji kwenye kile kikombe kizuri ambacho watoto wa nyumba hiyo hawakuruhusiwa kukigusa.

"Mama, ni mimi. Chokochoko wako."

Mama alicheka. "Chokochoko yuko ndani, amejinyoosha kidogo. Aliamka mapema, maskini."

Kutoka chumbani mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi chake mwenyewe, kile kikavu alichokipata kwenye mvuke wa pasi, nchi ya watu. Redioni mtangazaji alikuwa akimtaja mshindi, yule yule wa siku zote, saa sita mchana, vituo havijafungwa. Mama aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za mvua.

Hatua tatu tu zingemfikisha mlangoni. Aliinuka, akazipiga, akasogeza mkono kwenye kitasa, akahisi kwamba upande wa pili kimeshikwa pia. Miaka kumi na saba alikuwa amewapigania wazee hawa kwa mdomo, na huko nyuma mtu mwingine alikuwa akiwavalisha viatu. Alijua mlango ukifunguka atabaki mmoja, na hakuwa na hakika mama angemlilia nani. Aliogopa, akauachia mkono wake ushuke.

Mama, mwenye adabu zake, alimsindikiza hadi barabarani.

"Haya, safari njema," alisema. "Ukifika, wasalimie sana kwenu."