Jina la Mtoto wa Asimina

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuishi na mtoto nyumbani miezi kumi bila kumwita jina? Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto huitwa Mtoto tu, mpaka siku padri atakapomzamisha kwenye birika la ubatizo na msimamizi wake alitaje jina kwa sauti, kanisa zima lisikie. Kabla ya hapo halitamkwi, ingawa kila mtu analijua, maana binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo mtoto wa Asimina alikuwa aitwe Evanthia, na bibi yake Evanthia alikuwa amebakiwa na siku tatu tu za kulizuia jina lake mwenyewe.

Si kwamba alilichukia. Lakini Jumatatu, alipokuwa akianua mashuka kibarazani, alimsikia mkamwana wake akimnong'oneza mtoto: "Garifalia wangu. Garifalia mdogo." Garifalia lilikuwa jina la marehemu mama yake Asimina, ambaye hakuacha mtoto mwingine wa kulirithisha jina hilo. Asimina alipoona kivuli mlangoni alishtuka, akaanza kuimba wimbo wa watoto. Evanthia akakunja shuka lake, akaondoka taratibu kama mwizi.

Tangu siku ile hakupata usingizi mzuri. Kumwambia mwanawe Stathis, baba wa mtoto, hakukusaidia. "Hayo yenu wanawake, mama," alisema, akaenda zake kwenye mizeituni. Aliyebaki ni mumewe, Polidoros, na huyo, mwiko au si mwiko, alikuwa ameshawatangazia jina mpaka watu wa mgahawani.

Safari ilitokea Alhamisi. Chama cha wastaafu kilikodi basi la kwenda Mesini, ule mji wa kale ulio bondeni chini ya mlima Ithomi, kuutembelea kwa saa mbili na kurudi. Asimina ndiye aliyewaandikisha. "Nendeni, mama. Baba ameshapona, akanyooshe miguu. Mimi nitawakaangia vitumbua vya jibini mle huko."

Waliteremka polepole, Polidoros na fimbo yake, Evanthia akimshika upande wa kushoto, ule uliopigwa na kiharusi majira ya baridi. Ilikuwa Mei. Majani yalikuwa bado mabichi kati ya nguzo, maua mekundu yamejazana kwenye nyufa, na maji ya chemchemi yalikuwa yakipita chini ya mawe kama yanavyopita tangu enzi hizo.

"Tazama mawe yalivyochongwa," Polidoros alisema kwa sauti yake ya shambani. "Kama yale babu yangu aliyojengea zizi la mbuzi."

"Punguza sauti! Watu wa mambo ya kale watatufuata mpaka zizini."

"Waje. Wachukue na mbuzi."

Alipochoka alijikalia juu ya jiwe moja jeupe lililolala, zuri kweli. Papo hapo filimbi ikalia. Mlinzi, binti mrefu mwenye kofia ya majani makavu, alikuja mbio.

"Babu! Hapo hapakaliwi, kuna maandishi!"

"Binti yangu, nina mguu mmoja tu unaonisikiliza. Huu mwingine umekaa wenyewe."

Yule binti akajikaza asicheke, akamshika mkono, akamkalisha kwenye ngazi pembeni. Polidoros, mtu wa kupenda maongezi, hakumwachia aende.

"Haya, wameandika nini hapo? Mimi niliishia darasa la nne."

Mlinzi akainama, akapitisha kidole hewani juu ya herufi bila kuligusa jiwe. "Ni majina. Filoxenos mwana wa Aristeas. Halafu Aristeas mwana wa Filoxenos. Halafu tena Filoxenos mwana wa Aristeas."

"Umesikia?" Polidoros alimgeukia mkewe, uso umemng'aa. "Babu na mjukuu, babu na mjukuu! Miaka elfu mbili na zaidi, na hakuna aliyeukata mstari. Jumapili sisi tunabatiza, binti. Evanthia mwingine!"

"Tfu, tfu, tfu," alitema Evanthia haraka, kufukuza jicho baya. Kisha akauliza, "Na mama zao je? Wameandikwa wapi?"

"Kwenye jiwe hili hawamo, bibi."

Evanthia akaliangalia lile jiwe kwa muda. Filoxenos wote hao, akawaza, mtu aliwalisha. Mtu aliwapangusa midomo.

Walikwenda kula kwenye uwanja wa zamani wa mashindano, kwenye kivuli cha nguzo. Evanthia alifungua kitambaa. Vitumbua visivyo na chumvi, vya Polidoros, Asimina alikuwa amevichoma kwa uma, matundu matatu matatu, visichanganyike. Evanthia alivitazama vile vitundu, akavuta pumzi.

"Mzee, mimi sitaki."

"Hutaki nini? Nipe mimi hicho chenye chumvi."

"Jina. Sitaki mtoto aitwe jina langu. Asimina anataka jina la mama yake, nilimsikia kwa masikio yangu. Anaogopa kusema."

Polidoros aliacha kutafuna. "Jua limekupiga, Evanthia? Kijiji kitasema mmegombana. Watasema mkamwana hakukuheshimu!"

"Waseme. Hajaninyima kitu, mimi ndiye ninayetoa."

"Na ukifa? Nani ataitwa wewe?"

"Nikifa nitaondoka nalo. Huko nako wataniita."

"Mkaidi wewe!"

"Nani alikunyoa majira ya baridi?"

Mzee alikiweka kitumbua chini. Wote wawili walikiona kile chumba: mtoto kwenye kiti chake upande huu, mzee kitandani upande ule, na Asimina katikati na bakuli mbili za uji. Kijiko kimoja huku, kijiko kimoja kule. Miezi mitatu, wala hakuwahi kumkunjia uso.

"Alianza na shavu la kushoto," Polidoros alisema hatimaye. "Lile lililokufa. Eti nizoee wembe kwanza mahali nisipousikia." Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha chakula, makombo yakamwingia kwenye nyusi. "Na kila Jumapili aliniambia timu yangu imeshinda. Kumbe ilifungwa majira yote, shetani yule."

"Mungu amlinde."

"Amlinde." Akakohoa. "Haya, mpigie. Lakini usimtajie jina wewe. Alitaje mwenyewe, nimsikie."

Evanthia akaitafuta simu chini kabisa ya mkoba, chini ya leso na dawa za mzee. Iliita mara moja tu.

"Mama! Baba ameanguka?"

"Hajaanguka, anakula."

"Vile vya matundu?"

"Vile vile. Analalamika."

"Vizuri, basi amepona kweli."

"Asimina, sikiliza. Jumapili padri akimuuliza msimamizi jina, wewe unataka aseme nini?"

Maji yalisikika yakichuruzika bombani huko nyumbani, na mtoto akigonga kitu kwa kijiko.

"Si Evanthia, mama? Jina lako."

"Sikukuuliza desturi, mwanangu. Wewe umenirudishia mume wangu kijiko kwa kijiko, na mimi sijawahi kukushukuru kwa mdomo huu. Ahsante. Sasa nijibu. Unataka nini wewe?"

Bomba likafungwa.

"Sema, binti!" Polidoros alipiga kelele, midomo karibu iingie kwenye simu. "Sema, basi linatungoja!"

"Garifalia," Asimina alisema, kwa sauti ndogo. Akapumua, akasema tena, safari hii kwa nguvu mpaka mtoto akaacha kugonga. "Mama, baba, nataka aitwe Garifalia."