Babu Alikuwa Akiisikiliza

...nne nukta themanini na nane, niseme hivyo nikate simu, mimi ndiye Brimir, kijijini hapa Hella hakuna anayefungua difu, lile boksi la gea la ekseli, haraka kama mimi, shule niliiacha na haijawahi kunitafuta, sasa huyu Gudlaug wa duka la vipuri Reykjavik anauliza mara ya pili, huku anatafuna kitu sikioni mwangu, nataka meno ya 4.88 au ya 5.29, mzigo unafungwa sasa hivi... anadhani sijui, najua, 5.29 maana yake propela, ule mtaimbo unaotoka kwenye injini, izunguke mara tano na ushei ndipo tairi lizunguke mara moja, pikapu inapanda theluji kama mbuzi lakini barabarani ni kelele tupu, 4.88 ndiyo mbio, nami nataka mbio, nimpite Sindri, yule anayejidai na gari lake, njia ya Selfoss azitazame taa zangu za nyuma mpaka zipotee... anauliza tairi zangu inchi ngapi, arobaini na mbili, dada, zinanifika kifuani, na mimi si mfupi... za babu zilikuwa thelathini na tatu, gari lilikuwa lake kabla hajanipa, difu bado ni ile ile yake, 4.10, ndiyo maana injini siku hizi inaguna tu, nzito, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu... babu Thorgils hakutazama mshale wowote wa dashibodi, alikuwa akisikiliza, sauti inapanda, inapanda, anasema haya, sasa inaomba, anatia gea, nami, bado mtoto, nimebanwa katikati yake na bibi, samaki mkavu mkononi, siagi mpaka kwenye kiwiko, bibi anafuta huku ananitania kwamba nitateleza nianguke nje, hatufiki darajani kabla sijapitiwa na usingizi, mngurumo ule ulikuwa blanketi... nilipofunga hizi tairi nikamkalisha kwenye usukani, nikamwambia shika, babu, hili sasa ni gari la wanaume, akatia gea mapema, akarudi, akachelewa, likakohoa likazima katikati ya kituo cha mafuta, Sindri akauliza mzee anafanya lini mtihani wa leseni, watu wakacheka, babu naye akacheka, akashuka taratibu, akanipa ufunguo, "Halizungumzi na mimi tena, mwanangu," basi, tangu siku hiyo dukani anakwenda kwa miguu, na upepo wetu huu, akiulizwa anasema daktari anapenda atembee, daktari gani... "Brimir, upo?" nipo, napiga hesabu, nne nukta moja mara arobaini na mbili, gawa kwa thelathini na tatu, tano nukta... ngoja, tena, tano nukta ishirini na mbili, mbona... basi 5.29 si kelele, nilikuwa nahesabu kama mpumbavu mwenye tairi ndogo, kwa tairi hizi injini itazunguka karibu vile vile kama enzi za babu, unywele tu juu, sauti ni ile ile, ile yake, ataisikia ikipanda, ataijua, na 4.88 itabaki chini kidogo, kwangu kidogo, kwa sikio lake ni gari la mtu mwingine... nitamwachia usukani nisiseme neno, nitakaa pale pa bibi, pamekuwa patupu tangu tumzike, nifumbe macho... Gudlaug amemaliza kutafuna, anasema haya, kijana, ipi, namwambia tano nukta ishirini na tisa, dada, funga mzigo...