Askari Akiachiwa Mkono

...na mashine bado inazungusha sampuli, inavuma, yeye kasimama mbele yake na glavu zake, simu kaibana kati ya sikio na bega, dada yake anaongea kuhusu mapazia, mapazia ya wodini, ati yana rangi ya uji uliolala, naye anaitikia mm, mm, kwa sababu tangu asubuhi, tangu asome majibu ya uvimbe wa titi la dada, hajahisi kitu, si uchungu, si hofu, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa... alama zile za kwenye majibu anazijua, miaka yote anazitafiti, herufi za jeni zimechakachuliwa kwa mtindo uleule, ni kazi ya kimeng'enya chake, kile anachokichunguza maabara, "mumeo huyo," wenzake maabara humtania, askari wa kinga ya mwili, kaajiriwa kuvuruga virusi visizaane, na ziko protini za kumshika mkono, hii inamtuliza, ile inamzuia asiingie kwenye kiini cha seli, zikimwachia anaingia, anaivuruga nyumba aliyopewa ailinde... "Wewe, unanisikia?" Nakusikia, dada. "Nakuuliza, nilikula nini mimi? Shemeji yako anasema ni mafuta ya nywele, mama mkwe anasema nina kinyongo." Hukula kitu, ni protini tu zilizoshindwa kushikana, alitaka kusema, na papo hapo akaona jibu lilivyo safi, la kusomwa kongamanoni mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni, na dada, dada aliyembeba mgongoni alipougua surua, aliyemfuta kamasi kwa kanga yake mwenyewe, amelala kule anaongea na mapazia, na nani kamshika mkono yeye, nani, mtoto wa mama mmoja yuko huku anaitikia mm, mm... "Si kosa lako," akasema, "kinga yako mwenyewe ndiyo iliyopotea njia, dada, wewe hukukosea popote." "Kwa hiyo si uchawi wa wifi? Na nilivyomnunia!" kikaja kicheko, kikakatika katikati, na mdogo mtu akahisi kitu kinamchoma kifuani, kwanza taratibu, kama damu inaporudi mguuni, barakoa ikalowa, mashine ikaendelea kuvuma, nakuja, akasema, leo hii nakuja... "Unalia?" Nalia. "Haya lia, mdogo wangu. Lia tu, mimi nipo."